Ugeni, Heshima na Kuridhika: Wahamiaji wa Pwani ya Waswahili Nchini Ujerumani, 1867–1944

Utangulizi

Historia ya taaluma ya Kiswahili barani Ulaya huandikwa aghalabu kwa majina ya Wazungu walioiasisi. Tunasoma juu ya Büttner, Velten na Meinhof, juu ya sarufi walizozitunga na miswada waliyoikusanya. Watu wa pwani waliovuka bahari wakaifundisha lugha hiyo, wakaiandika na wakaishi nayo katika baridi ya Hamburg na Berlin hutajwa kwa jina tu, kana kwamba walikuwa vyombo vya kazi. Ni nadra mhakiki kuuliza: watu hawa waliishije? Waliridhika na maisha yao ya ugenini? Na kama hawakuridhika, ni mambo gani yaliyowanyima ridhaa hiyo?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kuwatazama watu watatu: Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Watatu hawa walitofautiana kwa nasaba, jinsia na wakati. Wa kwanza alikuwa binti wa Sultani, wa pili mwanachuoni wa mji wa pwani, na wa tatu mwana wa askari. Hata hivyo, wote waliishi katika nchi moja, wote walijipatia riziki, kwa muda fulani, kwa kufundisha lugha, na wote waliacha nyuma yao maandishi au kumbukumbu za kutosha kutuwezesha kuilinganisha hali yao.

Hoja yetu kuu ni kwamba kuridhika kwa mhamiaji hakutokani hasa na kipato chake, wala na kiasi alichojifunza desturi za wenyeji. Kunategemea zaidi mambo mawili: iwapo heshima aliyokuwa nayo kwao inatambuliwa huko aendako, na iwapo mlango wa kurudi kwao ungali wazi. Mambo mengine, kama vile lugha, ndoa, dini na kazi, hupata nguvu au hupoteza nguvu kulingana na haya mawili.

Istilahi na mbinu

Dhana ya kuridhika na maisha imejadiliwa sana na wanasaikolojia. Mwaka 1985 Mmarekani Ed Diener na wenzake walitunga kipimo chenye kauli tano, ambapo mhojiwa huonyesha kwa tarakimu kuanzia 1 hadi 7 kiasi anachokubaliana na kila kauli. Kipimo hiki kina manufaa yake, lakini kinadai jambo moja ambalo mwanahistoria hana: mhojiwa aliye hai. Marehemu hawajazi hojaji. Kwa hiyo hatuna budi kuyaendea maandishi yao, na hapo ndipo kazi ya mhakiki wa fasihi inapoanza, kwa kuwa maandishi hayasemi yote yaliyomo moyoni mwa mwandishi. Husema yale ambayo utanzu, hadhira na mhariri huruhusu yasemwe.

Nadharia ya pili inayotufaa ni ile ya John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada. Berry anaeleza kwamba mhamiaji hukabiliwa na maswali mawili: je, ni muhimu kuuhifadhi utamaduni wake, na je, ni muhimu kujenga uhusiano na jamii pokezi? Majibu ya maswali hayo huzaa njia nne: kumezwa na jamii mpya, kujitenga nayo, kutangamana nayo bila kuacha asili, na kubaki pembezoni mwa zote mbili. Utafiti mwingi uliofuata nadharia hii umeelekea kuonyesha kwamba njia ya utangamano ndiyo yenye afya zaidi kwa nafsi. Berry mwenyewe anakubali kwamba njia hiyo huwezekana pale tu jamii pokezi inapoiruhusu. Kama tutakavyoona, sharti hilo, ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, ndilo kiini cha historia tunayoishughulikia.

Lugha ya Kiswahili nayo ina nadharia yake. Husemwa, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii hutumiwa kwa kawaida kumkanya mgeni mvivu. Lakini ina maana ya pili isiyoangaliwa sana: jembe si mzigo tu, ni idhini. Anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa wenye shamba. Miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, iliwapokea Wahadhrami na wageni wengine kwa mtindo huo. Walifanya kazi, wakaoa, na wajukuu wao wakawa Waswahili. Suala la kujiuliza ni hili: mhamiaji huwaje anapopewa jembe lakini akanyimwa nafasi katika shamba?

Salme: nafsi mbili, maandishi mawili

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sultani Said bin Sultan na mama yake suria wa Kicherkasi. Alikulia katika nyumba iliyosikika Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na lugha nyingine, na alijifunza kuandika kwa siri wakati ambapo wasichana hawakufundishwa ujuzi huo. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867 alibatizwa mjini Aden, akafunga ndoa siku hiyohiyo, na akaelekea Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya gari la reli lililokokotwa na farasi, akamwachia watoto watatu wadogo.

Salme ametuachia maandishi ya aina mbili. La kwanza ni kumbukumbu zake zilizochapishwa mjini Berlin mwaka 1886. La pili ni barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani, ambazo hazikuchapishwa wakati wa uhai wake. Zilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1993 na mtaalamu E. van Donzel. Mhakiki akizisoma pamoja ataona tofauti kubwa. Kumbukumbu za 1886 zinaeleza Unguja: majumba, sikukuu, ndugu, fitina za ukoo. Zinamtetea mwanamke wa Kiislamu mbele ya wasomaji waliomdhania mtumwa, na nyuma yake kuna madai ya urithi ambayo mwandishi alikuwa akiyaendeleza dhidi ya ndugu yake, Sultani Barghash. Sauti yake ni ya mwenye hadhi anayewaelimisha wageni. Barua, kinyume chake, zinaeleza Ujerumani: upweke, baridi, macho ya watu, vyakula asivyoweza kuvitia kinywani, na hofu ya mtu aliyebadili dini kwa jina ilhali moyo haujahama.

Tungesoma kitabu cha 1886 peke yake, tungedhani kwamba huyu ni mhamiaji aliyefaulu: anaijua lugha, anaheshimika, anachapisha. Barua ndizo zinazotuonyesha kwamba kufaulu huko kulikuwa vazi la nje. Chanzo cha dhiki yake si umaskini peke yake, ingawa fedha zilimpungukia na sheria ya Hamburg ilimwekea mjane wasimamizi wa mali. Maadamu mumewe alikuwa hai, alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye Kiswahili. Kifo chake kilimpokonya mume na, pamoja naye, msikilizaji pekee wa lugha yake nyumbani. Akabaki na watoto aliowalea katika lugha aliyoijifunza ukubwani. Mtu anaweza kuimudu lugha ya ugenini sokoni na barazani, lakini akakosa lugha ya kulilia.

Juu ya hayo, mlango wa kurudi ulifungwa. Mwaka 1885 alikwenda Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, wakati ambapo Ujerumani ilikuwa ikimshinikiza Barghash juu ya ardhi za bara. Ndugu yake hakumpokea. Alijaribu tena mwaka 1888 bila mafanikio. Hapa historia ya nafsi na historia ya dola zinakutana: serikali iliyompeleka ilimhitaji kama kisingizio cha kisiasa, na haja hiyo ilipokwisha, madai yake yaliachwa. Aliamua kuishi Mashariki ya Kati, Jaffa na kisha Beirut, hadi mwaka 1914. Uchaguzi huo una maana. Akishindwa kupata kwao, alitafuta mahali panapofanana na kwao: adhana, lugha ya Kiarabu, jua. Alifariki mjini Jena mwaka 1924.

Mtoro bin Mwinyi Bakari: mwalimu asiye na hadhi

Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa mjini Berlin mwaka 1887 ili kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari kwa kazi za makoloni. Kila lugha ilikuwa na mwalimu Mjerumani na msaidizi mzawa. Amur bin Nasur alishika nafasi hiyo ya usaidizi kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, na habari zake za maisha ya Berlin zimo katika mkusanyiko wa Büttner wa mwaka 1894. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifika mwaka 1900. Alikuwa amezaliwa yapata mwaka 1869, amesoma chuoni kwa taratibu za Kiislamu, na anaujua mji wa Bagamoyo kwa undani.

Wasomaji wa jarida hili wanamfahamu Mtoro kwa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Wako wasimulizi wengine waliochangia, lakini mkono mkubwa ni wake. Tumezoea kukisoma kitabu hicho kama hazina ya mila: ngoma, jando, harusi, mazishi. Tunapendekeza kisomwe pia kama maandishi yaliyotolewa na mtu aliye ugenini. Mwandishi anapoeleza nani hukaa wapi barazani, nani huamkiwa kwanza, nani hupewa kilemba na nani hana haki hiyo, anaeleza mfumo wa heshima ambao yeye mwenyewe alikuwa na nafasi ndani yake. Mjini Berlin mfumo huo haukuwapo. Huko, elimu yake haikuamua cheo chake. Rangi yake iliamua.

Hilo lilidhihirika alipomwoa mwanamke Mjerumani mwaka 1904. Kwa vigezo vya Berry, ndoa hiyo ingehesabiwa kuwa hatua ya juu ya kutangamana. Mtoro aliijua lugha ya wenyeji, alikuwa na kazi ya serikali, na sasa alikuwa na familia. Matokeo yalikuwa kinyume. Mgogoro juu ya namna wanafunzi walivyomtendea ulimfanya aiache kazi mwaka 1905. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wakijiandaa kwenda kuwatawala watu wa kwao, na kwao ilikuwa vigumu kumwita mwalimu mtu ambaye kesho wangemwita mtawaliwa. Mwaka huohuo alisafiri na mkewe kuelekea Afrika Mashariki wakitaka kuishi huko. Utawala wa kikoloni uliwazuia, wakalazimika kurudi Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Tulitafakari jambo hili vizuri. Mtoro hakuzuiwa Ulaya, alizuiwa kwao. Nchi aliyozaliwa ilikuwa mikononi mwa walewale waliomfanya mgeni Berlin, na kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa amejichanganya na wenyeji wake kupita kiasi walichokitaka. Kila hatua aliyopiga kuelekea kwao ilimwongezea adhabu. Baadaye alifundisha kwa miaka kadhaa katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg chini ya Carl Meinhof, na alijikimu kwa kutoa mihadhara katika miji mbalimbali. Alifariki mjini Berlin mwaka 1927. Utafiti wa Ludger Wimmelbücker, uliochapishwa mwaka 2009, unaonyesha kwamba Mtoro hakuyapokea hayo kimya. Aliwaandikia wakubwa wa serikali akidai haki yake. Kuandika huko ni ushahidi muhimu. Mtu aliyekata tamaa haandiki malalamiko. Huandika yule anayeamini bado kwamba anastahili jibu.

Mohamed Husen: uaminifu usiolipwa

Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa jeshi la Kijerumani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alitumikia jeshi hilo akiwa mtoto. Alifika Berlin mwaka 1929 akidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Dai hilo lilikataliwa. Alibaki, akafanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaoa mwaka 1933, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, na akaigiza katika filamu zaidi ya 20. Miongoni mwazo ni Carl Peters ya mwaka 1941, filamu ya kumtukuza mtu aliyekuwa na sehemu kubwa katika kuiteka nchi ya kwao.

Baada ya Wanazi kushika serikali mwaka 1933, Husen alinyang'anywa pasipoti ya Kijerumani akapewa hati ya wageni. Mwaka 1934 aliomba nishani iliyotolewa kwa wapiganaji wa vita vile, alikataliwa. Mwaka 1935 aliachishwa kazi ya uhudumu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo mwezi Novemba 1944. Marianne Bechhaus-Gerst aliandika wasifu wake mwaka 2007, na Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, anamsawiri mhusika Ilyas, askari wa zamani anayeishia katika kambi hiyohiyo.

Kisa cha ile nishani kinastahili kuzingatiwa. Husen hakuwa akitafuta chakula kwa kuiomba. Alitaka kitu ambacho kingethibitisha kwamba miaka yake ya utoto katika vita vya watu wengine ilikuwa na maana. Wako watakaomlaumu kwamba alijipendekeza kwa waliomdharau. Lawama hiyo inasahau kwamba mhamiaji aliyetoa mengi kwa ajili ya taifa fulani hawezi kukiri kwa urahisi kwamba alivyotoa vimepotea bure. Kadiri anavyokataliwa, ndivyo anavyozidi kudai akubaliwe. Hii si aibu ya mtu mmoja. Ni mtego wa kisaikolojia unaotegwa na mfumo wa kijamii.

Mlinganisho

Tukiwaweka pamoja watu hawa watatu, mambo kadhaa yanajitokeza. Kwanza, wote walijifunza utamaduni wa wenyeji kwa kiwango cha juu, na hakuna hata mmoja aliyepata utulivu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba dhiki ya mhamiaji hutokana na uzembe wake wa kujifunza.

Pili, riziki ilikuwa na uzito, lakini si uzito wa mwisho. Manung'uniko yaliyobaki katika kumbukumbu zao ni ya heshima zaidi kuliko ya shibe: ndugu asiyempokea ndugu, mwanafunzi asiyemheshimu mwalimu, serikali isiyomtambua askari wake.

Tatu, ugeni una uzito tofauti kwa msafiri na kwa mhamiaji. Selim bin Abakari, aliyeandika habari za safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, anaeleza jinsi wenyeji walivyomshangaa kwa kuwa hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Kwake mshangao huo ni kisa cha kusimulia, kwa sababu yumo njiani na safari ina mwisho. Salme alishangaliwa vilevile, lakini yeye hakuwa njiani. Jicho lilelile ambalo kwa msafiri ni kichekesho, kwa mkaaji wa miaka ishirini ni kidonda. Tunaweza kupinga hoja hii kwa kusema kwamba maandishi ya Selim yalipita mikononi mwa Velten, ambaye aliyachapisha mwaka 1901, na kwamba mwandishi hangeweza kunung'unika mbele ya mhariri wa namna hiyo. Pingamizi hilo lina nguvu, na linatukumbusha kuyasoma maandishi yote ya kipindi hicho kwa tahadhari. Lakini haliifuti tofauti tuliyoitaja. Tumaini la kurudi hubadili maana ya taabu yenyewe, si namna ya kuisimulia tu.

Nne, mlango wa kurudi haukufungwa na umbali. Ulifungwa na watu: Barghash kwa Salme, utawala wa kikoloni kwa Mtoro. Husen hakufika hata hatua ya kuubisha. Uaminifu wake na familia yake vilimfunga Berlin hadi ilipokuwa hakuna tena njia ya kutoka.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mambo ya kisaikolojia na ya kijamii hayatengani katika maisha ya mhamiaji. Upweke wa Salme ulikuwa wa moyo, lakini ulijengwa na sheria za mirathi, dini na siasa za manowari. Ghadhabu ya Mtoro ilikuwa yake, lakini ilizaliwa darasani. Tamaa ya Husen ya kutambuliwa ilikuwa ya nafsi, lakini ilikwisha katika kambi iliyojengwa na dola. Nadharia inayomtaka mhamiaji achague njia miongoni mwa nne haina budi kuanza kwa kuuliza ni njia ngapi zilizoachwa wazi mbele yake.

Jambo hili linatuhusu sisi wanataaluma kwa namna ya pekee. Kiswahili kinafundishwa leo Hamburg, Berlin, Leipzig na Bayreuth, na wataalamu wa Afrika Mashariki wamefundisha katika vyuo vya huko kwa heshima ambayo Mtoro hakuipata. Lakini misingi ya kazi hiyo iliwekwa na watu ambao tunawanukuu bila kuwajulia hali. Kila mwanafunzi anayefungua Desturi za Wasuaheli ili kutafuta maelezo ya unyago au ya uganga anaingia katika nyumba ya mtu aliyezuiwa kuingia katika nyumba yake mwenyewe. Uadilifu wa kitaaluma unatudai tusisome alichokijua tu, bali tusome pia alichokikosa. Salme, Mtoro na Husen walipewa jembe, wakalima, na mavuno tungali tunayala. Tuwape sasa, angalau katika historia tunayoiandika, nafasi yao miongoni mwa wenye shamba.